Ghala Moja, Wapangaji Wengi: Historia ya Mgawo wa Nafasi Katika Kompyuta

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Nyanda za Juu Kusini. Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa redioni.

Kaa vizuri, fungua ukurasa huu, na ikiwa jirani yako hana karatasi, mweke karibu nawe msome pamoja.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya watemi. Ni historia ya jambo linalogusa hesabu za chama chako cha ushirika, takwimu za zahanati yako, na majina ya watoto wako shuleni. Jambo hilo ni mgawo wa nafasi katika kompyuta: nani apewe nafasi kiasi gani ya kuweka maandishi yake, na nini kitokee akitaka kupita kiasi hicho.

Labda utasema, "Mimi ni mkulima wa Kilolo," au "Mimi nauza viazi Mbeya mjini, kompyuta yanihusu nini?" Ngoja kwanza. Tangu mwaka 2013 hesabu za vitabu vya MTUHA, vile ambavyo mganga wa zahanati huviandika kila siku, huingizwa katika programu iitwayo DHIS2 nchini kote. Ukimpeleka mtoto kupimwa uzito, wewe huioni kompyuta, lakini hesabu ya mtoto wako imo ndani yake. Basi yafaa ujue hesabu hiyo yakaa wapi, na yakaa kwa sharti gani.

1. Ghala la kijiji

Tuanze na jambo tulijualo. Iringa na Mbeya, pamoja na Rukwa na Ruvuma, zilipata sifa zamani kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Kila mtu hapa ajua ghala ni nini.

Fikiri ghala moja la kijiji linaloingia magunia 500. Wakulima 50 wanalitumia. Kama hakuna mpango, mwenye shamba kubwa ataleta magunia 400 siku ya kwanza. Wengine 49 watakuja wiki ya pili, wakute mlango haufungiki. Mjane mwenye magunia matano atayarudisha nyumbani yakanyeshewe mvua. Je, mwenye magunia 400 ameiba? La, hakuiba. Ametumia ghala lisilo na mpango, basi.

Dawa yake ni nyepesi kusema: kila mtu apewe magunia 10. Lakini ni ngumu kutenda, maana lazima awepo karani mwenye daftari, ahesabu kila gunia liingialo na kila gunia litokalo, naye awe na uwezo wa kumwambia hata mwenyekiti, "Fungu lako limekwisha."

Diski ya kompyuta ni ghala. Magunia ni maandishi, picha na hesabu. Maandishi yaliyofungwa pamoja na kupewa jina huitwa faili. Mgawo wa nafasi ni lile daftari la karani.

2. Diski ya kwanza

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa RAMAC. Ulikuwa na sahani 50 zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikizunguka kwa kasi. Uzito wake ulizidi tani moja. Juu ya sahani hizo ziliweza kuandikwa herufi kiasi cha milioni 5. Leo simu ndogo ya mkononi huchukua mara maelfu ya hizo, lakini mwaka ule lilikuwa jambo la ajabu.

Kompyuta ziligharimu fedha nyingi mno. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia ya watu wengi kutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha mpango ulioitwa CTSS, ambao kila mtumiaji alikuwa na mahali pake pa kuandikia, na mtambo ukiwahudumia kwa zamu za haraka sana.

Mara tu watu wengi walipoanza kutumia diski moja, yaliwapata yale yale ya ghala la kijiji: nafasi ilikwisha. Wakuu wa CTSS wakampa kila mtumiaji fungu lake la diski, asiweze kulizidi. Angalia vizuri, ndugu mwanafunzi: mgawo haukuletwa na ubahili. Uliletwa na ushirika. Mtu aliye peke yake hana haja ya mpaka.

3. Nchini kwetu

Je, Tanzania ilikuwa wapi wakati huo? Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nchi za nje, kwa kuwa zilikula fedha za kigeni na faida yake haikuonekana. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, daftari na kalamu ndizo zilizoendelea kufanya kazi katika maofisi yetu.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Amri ile ililegezwa, intaneti ikaingia nchini, na vyuo vikaanza kufundisha. Mbeya kilikuwapo Chuo cha Ufundi tangu mwaka 1986, ambacho mwaka 2012 kilikuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa, chuo cha Kilutheri kilichoitwa Tumaini kilianza mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari, kikisaidiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha nchi ya Ufini. Chuo hicho cha Iringa sasa chaitwa Chuo Kikuu cha Iringa.

Kumbuka jina hilo la Ufini. Tutalikuta tena.

4. Daftari la Melbourne

Mwaka 1969 mafundi wa Bell Labs ya Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutunga programu kuu ya kuendesha kompyuta iitwayo Unix. Ilipendwa na vyuo vikuu, na ikaenea. Lakini wanafunzi ni wanafunzi popote duniani. Walijaza diski kwa michezo, barua na nakala za nakala.

Aliyetunga daftari la mgawo kwa Unix alikuwa Robert Elz, wa Chuo Kikuu cha Melbourne huko Australia. Kazi yake iliingizwa katika toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liitwalo 4.2BSD, mwaka 1983. Nakusihi uijue hekima iliyokuwa ndani yake, maana ipo mpaka leo.

Kila mtu aliwekewa vikomo viwili. Cha kwanza tukiite kikomo cha onyo. Cha pili tukiite kikomo cha mwisho. Ukipita kikomo cha onyo hukatazwi mara moja, bali unaambiwa, "Ndugu, umezidi, punguza." Katika mpango ule wa kwanza, onyo lilitolewa kila mara uingiapo kazini, na maonyo yakiisha bila kupunguza, kikomo cha onyo kiligeuka kuwa ukuta. Baadaye mafundi wakaweka muhula wa siku. Katika Linux desturi ni siku 7. Lakini kikomo cha mwisho hakina muhula. Ukikifikia, hata herufi moja haiingii.

Kwa nini viwili? Kwa sababu kazi ya binadamu haina kipimo kimoja siku zote. Mwisho wa mwezi mwandishi ana karatasi nyingi mezani. Wiki ifuatayo amekwisha kuzipanga. Kikomo kimoja kikali kingemkatiza katikati ya kazi. Vikomo viwili vyamwachia nafasi ya kupumua, na bado vyawalinda jirani zake.

Na zaidi ya hayo, daftari lilihesabu mambo mawili: nafasi inayotumika, na idadi ya faili. Waweza kuleta ghalani vijaluba elfu kumi, kila kimoja kina konzi ya mahindi. Uzito ni mdogo, lakini umemaliza mistari yote ya daftari la karani. Watu wengi hukwama hapa. Huona nafasi bado ipo, na mtambo wakataa kupokea. Si uzito ulioisha. Ni mistari.

5. Linux na seva pepe

Mwezi wa Agosti 1991, kijana wa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, jina lake Linus Torvalds, aliwatangazia watu kwamba anatunga programu kuu mpya ya kuendeshea kompyuta. Ndiyo iliyoitwa Linux. Aliitoa bure, na kila fundi aliruhusiwa kuitazama ndani na kuitengeneza. Nchi zisizo na fedha nyingi zilifurahi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mpango ulioitwa Kilinux, yaani Kiswahili na Linux, na mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya maofisini iliyozungumza Kiswahili.

Daftari la mgawo liliingizwa katika Linux katikati ya miaka ya 1990, kwa kazi ya Marco van Wieringen. Mpango ukafuata ule ule wa Melbourne: kikomo cha onyo, kikomo cha mwisho, muhula, na hesabu ya faili.

Sasa tufike kwenye seva pepe. Seva ni kompyuta inayowahudumia watu wengi kwa njia ya mtandao. Seva pepe ni seva isiyo na mwili wake: ni chumba ndani ya seva kubwa, lakini mpangaji akiwa ndani huona kana kwamba nyumba nzima ni yake. Wazo hili lina umri. IBM walikuwa nalo mwaka 1967, na waliikata diski kubwa vipande vidogo, kila mpangaji kipande chake. Katika Linux wazo lilipata nguvu mwaka 2001, zilipotoka Linux-VServer na Virtuozzo. Mwaka 2005 Virtuozzo ikazaa OpenVZ, iliyotolewa bure.

Hapo daftari la zamani lilishindwa. Kwa nini? Fikiri rejista za madarasa mawili ya watu wazima, moja Rungwe na moja Kilolo. Katika kila rejista kuna mwanafunzi namba 7. Kama karani wa mkoa ataandika, "Namba 7 amepewa vitabu viwili," ni namba 7 yupi? Daftari la Linux lilihesabu kwa namba ya mtumiaji. Lakini katika seva pepe kila mpangaji ana rejista yake mwenyewe, na namba zafanana. Ya huyu yangehesabiwa kwa yule.

Ndipo OpenVZ ikaweka mgawo wa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya mwenye nyumba: chumba hiki chote kisizidi kiasi hiki, awaye yote aliyemo. Ngazi ya pili ni ya mpangaji mwenyewe: ndani ya chumba changu, huyu apate hiki na yule apate kile. Mwaka 2012 OpenVZ ikapata njia nyingine, kila chumba kuwekwa ndani ya faili moja kubwa, kama diski yake mwenyewe. Na mwaka 2016 Linux yenyewe iliongeza, katika mpango wa diski uitwao ext4, mgawo unaohesabu kwa kazi badala ya kwa mtu. Yaani kabati lahesabiwa, hata kama watu watano huweka vitu ndani yake.

6. Mkongo wafika milimani

Zamani mtu wa Mbeya asingeweza kwa urahisi kufikiria kuweka hesabu zake katika mtambo ulio Ulaya, maana njia ilikuwa nyembamba na ghali. Mwezi wa Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Mwaka huo huo Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliopita Iringa na Mbeya, ukafika mpakani Tunduma na Kasumulu.

Kuanzia hapo chama au shule ya milimani huweza kukodi chumba katika seva iliyo mbali, bila kununua mtambo. Hili ni jambo jema. Lakini aliyekodi chumba amekodi na kikomo chake, na wengi hawakuuliza kikomo ni kipi.

Diski ikijaa hutokea nini? Mtambo haupigi kelele. Karani anaandika mauzo ya kahawa, anabonyeza kitufe, na maandishi hayahifadhiwi. Barua zinazokuja zinarudishwa. Nakala ya usiku, ile ya tahadhari, inakatika katikati, na hakuna anayejua mpaka siku inapohitajika. Kwa mkulima anayesubiri malipo yake, hasara hiyo ni ya kweli kama gunia lililooza.

Mafundi wa Linux walijua hatari hii. Katika mipango ya diski ya aina ya ext, desturi ni kutenga sehemu 5 katika kila 100 kwa ajili ya msimamizi peke yake, ili diski ikijaa aweze kuingia na kufagia. Sisi twalijua hilo: hata mwaka wa njaa, mbegu haziliwi.

7. Ahadi kuliko maji

Sasa sikia jambo la mwisho, na ndilo zito kuliko yote.

Mwenye nyumba ana diski ya gigabaiti 500. Anakodisha vyumba 100, kila kimoja kwa ahadi ya gigabaiti 10. Zidisha: 100 mara 10 ni 1,000. Ameahidi mara mbili ya alicho nacho! Kwa nini mambo yaende? Kwa sababu wapangaji wengi hutumia kidogo. Mmoja anatumia 2, mwingine 3. Mwenye nyumba anapata faida, na bei inashuka. Lakini siku wote watakapodai haki yao, ghala litajaa kabla hata mmoja hajafika kikomo chake. Hapo daftari la kila mpangaji litasema, "Nafasi bado ipo," na nafasi haipo.

Sisi wa nyanda hizi tumeliona jambo kama hili kwa macho. Mito ya milima ya Mbeya humwagika katika bonde la Usangu, Mbarali, ambako mpunga hulimwa. Maji yanayobaki huwa Ruaha Mkuu, nayo huingia Iringa, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hufika bwawa la Mtera yaendeshe mitambo ya umeme. Watu walipewa hati za haki ya maji, zilizotaja kiasi kisichobadilika, masika na kiangazi. Jumla ya hati ikazidi maji yaliyokuwamo mtoni wakati wa kiangazi. Kuanzia miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ilianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi. Kila mtu alikuwa na hati yake mkononi. Hati haikuwa ya uongo. Jumla yake ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Kwa hiyo kikomo peke yake si haki. Haki inataka mambo matatu: kila mtu awe na kikomo, kila mtu akijue, na jumla ya vikomo isipite kilichomo ghalani, au, ikipita, mwenye ghala awe anapima kila siku na kuongeza ghala kabla halijajaa.

8. Yakufaayo wewe

Ndugu mwanafunzi, ukiwa mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika, au wa kamati ya shule au zahanati, na mkaambiwa kwamba kumbukumbu zenu zitawekwa katika seva pepe, uliza maswali haya bila haya:

Nafasi yetu ni gigabaiti ngapi? Idadi ya faili ina kikomo? Tukikaribia kujaza, onyo litakwenda kwa nani? Tuna muhula wa siku ngapi? Nakala ya tahadhari imewekwa mahali pengine, au imo katika chumba kile kile?

Swali la mwisho ni kubwa. Nakala iliyo ndani ya chumba kile kile yala fungu lako, na chumba kikiharibika, nayo yaharibika.

Usione haya kwa kuwa hukusoma kompyuta. Karani wa ghala hakusoma kilimo, lakini daftari lake ndilo linalomlinda mjane mwenye magunia matano. Anayejua kusoma, kuandika na kuzidisha 10 mara 100 ana haki na uwezo wa kuuliza.

Tangu mwaka 1956 hata leo, diski zimekua kutoka herufi milioni 5 hadi kiasi kisichohesabika kwa urahisi. Hata hivyo daftari la mgawo halikufutwa, maana kila ghala lilipopanuliwa, mavuno nayo yaliongezeka. Palipo na ghala moja na wapangaji wengi, lazima pawe na kipimo, na kipimo hicho kijulikane kwa wote.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtu aliye peke yake hana haja ya mgawo?
2. Eleza tofauti ya kikomo cha onyo na kikomo cha mwisho. Toa mfano kutoka nyumbani kwako.
3. Ghala lina nafasi ya magunia 240. Watu 30 wameahidiwa magunia 10 kila mmoja. Ahadi imezidi ghala kwa magunia mangapi?
4. Kumbukumbu za chama chenu au shule yenu zinakaa wapi? Mchagueni mtu mmoja aende akaulize, alete jibu wiki ijayo.